Ami hakupata habari

Yussuf, nikaha ya Mcha imevunjika. Mwenyewe bado yumo msikitini na joho lake, hathubutu kutoka, mashemeji wamejaa mlangoni.

Siku ilibadilishwa, naye akawapa watu habari kwa ile programu aliyoiandika. Ina orodha mbili, majina huku, namba za simu kule, inazipitia sambamba. Ikiisha moja, inasimama. Wala haisemi kitu!

Jina la mwisho ni Mzee Sleiman wa Uroa, ami yake bibi harusi Khairat, ndiye walii wa kumwozesha. Namba yake Mcha anaijua kwa ghibu, basi hakuiandika, namba zikaisha kabla ya jina lake!

Wamempigia aje aozeshe. “Nije harusi niliyoisikia kwa jirani?”

Mcha akamjibu, “Ami, programu ilisimama.”

“Basi ikuozeshe hiyo programu!”

Ikuozeshe, Yussuf! Spika wazi, imamu anasikia.

Ami kaondoa idhini. Pilau wamegaiwa majirani. Khairat karudishwa Uroa, hina mbichi mikononi. Mcha mke hana.