Mtoto Hana Pindo la Akiba

Duka la Ushonaji,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

U hali gani huko, na kazi inakwendaje? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua, ila mdomo hauna maumivu, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye.

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba mwanao ametoka salama hospitali, maana dukani palijaa wateja na mambo haya si ya kutangaza. Sasa nakueleza yote.

Unajua uume wake ulipinda tangu kuzaliwa, na mkojo ulikuwa ukienda kombo. Wenzake shuleni walipomcheka, akaacha kabisa kwenda chooni huko. Alikuwa akijibana tangu asubuhi, akifika kwangu mchana anakimbilia chooni kwa ncha za vidole. Mkeo aliogopa kisu. Mimi niliogopa zaidi kumwona mtoto wa miaka minne anakataa kunywa maji.

Daktari wa upasuaji ni binti mpole. Nami, kwa kiherehere changu cha ufundi, nikamshauri: nguo ikivuta upande mmoja, unafumua pale palipokaza, unaachia kitambaa kilichokunjwa ndani. Akashika mkono wa shati langu, akafinya upande uliolegea kidogo tu, ukanyooka.

"Mzee," akasema, "mtoto hana pindo la akiba."

Mama yako alicheka mpaka nesi akachungulia.

Siku yenyewe hatukucheka. Mtoto alipopewa nusu kaputi na kuingizwa ndani, tulikaa kwenye benchi roho mkononi. Mkeo alisali, mama yako alisali, mimi nilitafuna kucha zote zikaisha.

Ila nilichemsha, mwanangu. Nilimshonea suruali ya kutokea hospitali, ya zipu, imemkaa sawasawa. Nesi aliitazama, akanitazama, akauliza kama mimi nimewahi kuwa na kidonda pale zipu inapopita. Nikarudi kushona gauni pana. Bwana mdogo akaligomea, eti la kike. Ikabidi nijishonee na mimi, kitambaa kilekile cha maua. Wateja wamenizoea.

Kidonda kimefunga vizuri, daktari ameridhika. Ijumaa akarudi shule. Mchana nikamwachia njia ya chooni wazi kama kawaida. Akaingia polepole, akaniamkia, akachukua mpira, akawa anatoka. Nikamuuliza kama haendi chooni.

"Nimeshaenda kulekule shuleni, na wenzangu," akasema, akaenda zake kucheza.

Nililia, mwanangu, mbele ya mteja aliyekuja kupimwa, wala sioni haya kukwambia.

Mkeo anakusalimu, mama yako pia, na shangazi yako anauliza kama unakula. Nisalimie mwenzako unayeishi naye. Mola akupe riziki yenye njia fupi ya kurudi nyumbani.

Baba yako akupendaye,
Fundi.