Kadi ya Chanjo ya Dada Yako

Homa Bay, Jumanne

Baba Otieno,

Salamu. Kama hujala vizuri ni uvivu wako, dagaa wa omena nilikuachia.

Dada yako Adhiambo ni mzima hapa kwenye makao ya wazee, ila kichwa chake ni kigumu kama chako. Nimemkuta akigombana na muuguzi wa chanjo ya korona, akimpungia kadi yake ya zamani. "Nilishachanjwa, soma mwenyewe!"

Muuguzi akasema polepole, "Dani, bibi yangu, kinga hupungua na miaka, na kwa wazee hupungua haraka. Hapa mnalala pamoja. Akiugua mmoja, wote mko hatarini."

Kitanda cha jirani yake kiko wazi tangu mvua zilizopita. Ni ugonjwa huo huo uliomchukua.

Nikamkaripia. "Adhiambo, nyumba yako ulikuwa unaisiriba udongo upya kila mwaka. Nani alikudanganya mwili unasiribwa mara moja tu?"

Akaniangalia. "Na wewe, wifi, ulichanjwa lini?"

Nilichanjwa siku ile moja na wewe, pale zahanati ya Macalder, na hatujarudi tena. Basi nikakunja mkono wa gauni, nikachomwa wa kwanza. Yeye akafuata, akicheka eti nimefumba macho. Mwongo huyo.

Sasa wewe nenda zahanati kabla sijafika, na usiniletee hadithi za mguu kukuuma. Mkono nitaukagua mwenyewe. Kwenye nyumba ile siwezi kukaa peke yangu, mzee wangu, nakuambia ukweli.

Mama Otieno