Mgongo wa Mama

Jumanne, Waithaka

Na bado ananiita fundi, si msanii! Sijali. La, najali.

Nimeshinda Kilimani kwa mteja wangu, Mama Neema, nikisimamisha ile sanamu ya saruji bustanini: mwanamke ameinama, anapalilia. Nimemweka katikati ya maua, ameipa nyumba mgongo. Mama Neema akatoka, akashika kiuno.

"Fundi, mgeuze huyu. Wageni wangu wataona nini, makalio?"

Nikamweleza kwamba sanamu zangu zote za bustani ziko hivyo. Mtu anayelima unamkuta kwa nyuma, kisha unazunguka mwenyewe kumtafuta uso.

"Kesho awe ananiangalia," akasema, "ama umbebe uende naye."

Naogopa. Baada ya hii sina kazi nyingine. Na ukweli ni kwamba uso niliufanya haraka. Shingo ndiyo niliyoihangaikia, ile mikunjo yake midogo, sijui kwa nini.

Jioni nimempigia Mama, Machakos, maana sanamu yenyewe ni yeye. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa.

"Kwani hukumwambia?"

"Nimwambie nini, Mama?"

"Nilikuwa nalima nikiwa nimekubeba mgongoni. Huko nyuma ndiko ulikokuwa unakaa."

Miaka yote hii nikichonga migongo, na sikuwahi kufikiria.

Kesho nitamwomba Mama Neema asimame nyuma ya sanamu, aiguse ile shingo tu. Akikataa, basi, nitambeba Mama nirudi naye.

Ni zamu yangu.