Laddan, na Mdundo Niliokuja Nao Nyumbani Kwako

Mwaka umetimia tangu ututoke, Laddan, na katika Moradabad nzima hapajatokea mjane aliyemlilia mumewe kama nilivyokulilia mimi. Wafua shaba wa mtaa wa nyuma waliweka nyundo chini wakanisikiliza. Haya, niseme kweli: nusu ya kilio kile ilikuwa ya jino. Gego lilikuwa likiniuma wiki ileile, nikaona nisipoteze nafasi.

Nakuita Laddan. Ulipokuwa hai nilikuita Baba Tarannum, maana kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Sasa nikikutaja, nani atanikaripia?

Tunakumbuka mikono yako. Kila asubuhi uliipaka poda kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, ukaketi mbele ya tabla, ngoma zako mbili, ile ndogo ya mti na ile kubwa ya shaba, ukazigonga pembeni kwa kinyundo mpaka zikapatana. Ulipiga popote palipokuwa na riziki: kwa wacheza ngoma, kwa waimba kasida, arusini, redioni, hata kwenye mashindano ya shule, ambako watoto waliutangulia mdundo nawe ukawakimbilia nyuma bila kununa. Ndani ya treni tabla zako zilikaa mapajani mwako, mimi nikasimama.

Nilipougua kifua ulikaa nyuma yangu mchana kutwa, ukinipigapiga mgongoni kwa vidole ili makohozi yatoke. Nikakuambia, "Baba Tarannum, umeruka pigo moja hapo." Ukasema, "Mgonjwa gani huyu anayesahihisha!" Nilipona kwa kucheka. Wema huo nauandika mbele za watu, usije ukasema nimeuficha.

Lakini nina jambo jingine, na hili nalo naliandika.

Ulikuja kwetu kijana mwenye kanzu moja. Baba yangu, Abba, Ustaadh Sharafat, mwalimu wa tabla, alikufunga uzi mwekundu mkononi mbele ya watu, ukawa mwanafunzi wake. Ulikula katika chungu chetu. Alikutuma ukae mlangoni kwa wafua shaba, akasema, "Wasikilize. Wanaume wanne wanagonga sinia moja na hawagongani. Ukishajua wanafanyaje, rudi." Ulirudi baada ya majira mawili ya baridi, ukiwa mpigaji.

Kisha ukaniomba mimi. Kwetu baba ndiye anayemsindikiza binti kwa mali, na Abba hakuwa na dhahabu. Rafiki yangu wa jirani alisindikizwa na nyati wa maziwa. Mimi nilisindikizwa na mdundo. Siku ya arusi Abba alikuita chumba cha ndani, akakupa ule alioutunga mwenyewe, ambao watu walitoka Bareli kuja kuuomba wakarudi mikono mitupu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, hina haijakauka, nikasikia yote, kwa kuwa midundo yenu husemwa kwa mdomo kwanza ndipo ishuke mikononi. Moshi wa tanuri za shaba ulikuwa umeshampa Abba pumu. Alitamka, akakohoa, akaendelea, huku akikupigia taratibu gotini pako. Alipomaliza alimwita mdogo wangu Ishtiyaq.

"Kuanzia leo huu ni mali ya shemeji yako. Nyumbani kwangu haupigwi tena. Umesikia?"

"Nimesikia, Abba."

"Hata gotini."

"Hata gotini, Abba."

Ishtiyaq aliupenda mdundo ule kuliko chakula, na tangu siku ile hakuupiga. Nimewahi kuona vidole vyake vikianza vyenyewe mezani, akavikalia. Na kwenye kumbi ulikoupiga hakuja, maana aliyetoa hasimami kukodolea macho alichotoa.

Halafu watu wa redio wakakuuliza umetoka wapi katika ngoma na nani alikufunza. Siku ya kutangazwa ulitukusanya uani, ukaketi na tambuu shavuni kama bwana arusi. Mimi nilikuwa namenya njegere. Redioni nikakusikia ukimtaja baba yako. Nikasikia nyundo za shaba, nikasema moyoni, sasa anamfikia Abba. Akaja babu yako, Mzee Nanhe, aliyepiga mbele ya nawabu, mtawala wa zamani, mwenye pumzi ya farasi, ambaye ulisema hakupata kukohoa hata siku moja mpaka anakufa. Mtangazaji akauliza, na ule mdundo wako mashuhuri? Ukajibu kwamba babu aliutunga akimtazama tausi akicheza bustanini kwa nawabu, akakufundisha ungali mdogo.

Nikasubiri jina la marehemu Abba. Ikaingia habari ya bei ya vitunguu.

"Mbona hukumtaja Abba?"

"Muda, Mama Tarannum. Redio ina dakika zake."

"Tausi amepewa ngapi?"

Ukainua kikombe ukanywa. Kilikuwa kitupu, Laddan. Nilikuwa sijakumiminia.

Ishtiyaq alikuwa amesikia kwa jirani. Alikuja akasimama mlangoni, viatu hakuvua. "Dada, kilichotolewa kimetolewa. Lakini Abba alitoa mdundo, jina lake hakutoa." Akaenda zake. Idi hakuja. Arusi ya Tarannum hakuja, na mtoto aliondoka kwetu bila mkono wa mjomba kichwani. Wewe ukasema, "Nduguyo ana kiburi." Nilikupikia, nikakufulia, nikakukanda vidole kwa mafuta ya haradali kila majira ya baridi, na kila nilipovikanda nilijua navikanda vidole vya mtu aliyemzika baba yangu mara ya pili.

Ishtiyaq alirudi siku ya arobaini yako. Mwanafunzi wako Kaukab, mwanamume mzima mwenye masharubu, alituambia kwamba wanafunzi wanakuchongea sinia la shaba la kutundika ukutani, na kwenye hitima ya mwaka yeye ataupiga "mdundo wa tausi, wa Mzee Nanhe," na jina hilo litachongwa. Nikajua shaba ikishachongwa, Abba amekwisha. Sisi tunaojua tumebaki wawili, wazee, na meno yetu mnayajua.

"Upige tuusikie," nikamwambia.

Ishtiyaq akainuka atoke. Nikamshika kanzu. "Kaa. Abba alikukataza kupiga, kusikia hakukukataza."

Kaukab akapiga. Vizuri, ulimfundisha vizuri. Katikati mikono yake ikabaki hewani, kimya, kisha akaendelea.

"Rudia hapo," Ishtiyaq akasema.

Akarudia. Kimya kilekile.

"Mbona unanyamaza?"

"Hapo ndipo tausi anapoinua mguu, Mjomba. Ustaadh alisema alivyofundishwa ni hivyo hivyo, kisizidi wala kisipungue. Alitupiga vidole kwa hicho kimya."

Mimi nilikisikia miaka yote, nikidhani ni pambo lako, maana hukuwahi kupika kitu bila kuongeza chumvi. Lakini Ishtiyaq alikuwa anausikia kwa mara ya kwanza tangu arusi yangu. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka, halafu kikawa si kicheko tena.

"Mdundo wetu haunyamazi popote. Dada, kumbuka ulipokuwa nyuma ya pazia. Hapo si ndipo Abba alipokohoa?"

Nikakumbuka. Ndipo hapo. Ulikuwa mwanafunzi mwema mno, Laddan: ulichukua ulichopewa chote bila kudondosha kitu, pamoja na kikohozi cha mwalimu wako, ukakibeba kumbi zote ukikiita mguu wa tausi.

Kaukab akajikuna masharubu. "Mama, labda na Mzee Nanhe alikuwa na pumu?"

"Mwanangu, hukusikiliza redio?"

Hitima yako ni Alhamisi, uani kwetu, baada ya alasiri. Kaukab ataupiga pamoja na kimya chake. Kisha Ishtiyaq ataupiga bila kimya. Mali ile ilikuja pamoja nami, nami nimempa ruhusa. Vidole vyake vimezeeka, atakosea, mtavumilia. Mchongaji ameshamaliza sinia. Lina majina mawili, na lako ndilo la chini.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Sarwari, binti yako Tarannum na mumewe, shemeji yako Ishtiyaq, mwanafunzi wako Kaukab na wenzake, na wafua shaba wa mtaa wa nyuma. Kukusahau hatuwezi, tutake tusitake.

Pumzika, Baba Tarannum. Na huko uliko, ukimwona Mzee Nanhe, mwombe akohoe kidogo, tusikie.