Madirisha ya Chumba cha Gundi

Biharwe, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Goti linaendeleaje? Maharage yameota? Mimi ni mzima kabisa, usiwe na wasiwasi.

Kwa kuwa masikio yako hayashiki tena simu, barua hii nampa Venuste, maana anakuja huko na pikipiki yake kununua mahindi. Kazi ya magodoro inaendelea. Bado niko chumba cha gundi. Tunapaka gundi kwenye sponji, tunabandika kitambaa. Madirisha hufungwa siku nzima, kwa sababu upepo ukiingia gundi inakauka mapema. Harufu yake inapanda kichwani. Georgette, ninayekaa naye chumba kimoja, vidole vinamfa ganzi, na juzi alianguka akienda chooni. Msimamizi alimpa soda akamrudisha kazini.

Kuna mama wa chama cha wafanyakazi, Prudence, anatoka Mbarara mjini. Alikuja kutuangalia, mlinzi akamzuia getini: "Mama, hapa hakuna kuingia. Bosi hajasema." Prudence anasema ana haki ya kuingia ikiwa afya yetu iko hatarini, mradi atoe taarifa kwanza, na mmoja wetu atie sahihi kwamba amelalamika. Hakuna anayetaka kutia. Nikitia mimi, nikafukuzwa, nitarudi kuwa mzigo kwako. Nifanye nini, baba? Hapa sina mkubwa wa kumuuliza.

Mwanao,
Mariette

Nakivale, 23 Februari 2025

Mwanangu Mariette,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia zangu. Goti ni lile lile. Maharage yameota, ila palizi ya mtu mmoja haiishi. Tangu mama yako atutangulie, nawe ukaenda kutafuta kazi, nyumba hii ina viti vingi mno.

Juu ya hicho chama cha wafanyakazi, sendika kama tulivyokiita kule Uvira, nimewaza sana. Kwanza nilitaka kukukataza. Mkimbizi haamki wa kwanza kusema. Halafu nikamfikiria mama yake Georgette, aliyeko hapa kambini, upande wa Kabazana, nikaona haya. Tia sahihi, mwanangu. Wahenga walisema, mgeni aje, mwenyeji apone. Na huyo Prudence mumpokee vizuri, asije akasema watu wa Kongo hawajui kupokea mtu.

Baba yako,
Adolphe

Biharwe, 23 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu tena. Natumaini mvua imekuacha salama. Mimi ni mzima.

Nilitia sahihi. Prudence akatuma taarifa, bosi akachagua Jumanne. Sasa sikia tulichofanya, ucheke kama unaweza. Asubuhi hiyo, kabla msimamizi hajafika, Georgette alisimama mlangoni akasema, "Mugeni ataingia fasi ya namna hii? Banawake, hamuna haya?" Basi tukafungua madirisha yote. Tukapiga deki kwa sabuni, tukafunika madebe ya gundi, tukavaa vitenge vya kanisani. Georgette, na vidole vyake visivyoshika vizuri, alileta chupa ya chai na mandazi. Hakuna aliyetuagiza. Msimamizi alipofika alitazama chumba, akatabasamu, akayaacha madirisha wazi.

Prudence akaingia. Alivuta pumzi, akavuta tena, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mariette, ile harufu iko wapi?" Chumba kizima kilinuka sabuni. Nilitaka kumweleza, lakini msimamizi alikuwa begani kwake, na Georgette alikuwa anammiminia chai. Basi aliandika alichokiona. Alipotoka tu, madirisha yakafungwa. Sasa akiomba kurudi bosi anamjibu: ulikaribishwa, uliona, ukanywa na chai, unarudi kutafuta nini?

Tumejimaliza wenyewe, baba. Nina hasira, na hasira yenyewe sijui nimwelekezee nani.

Mwanao,
Mariette

Nakivale, 6 Aprili 2025

Mwanangu Mariette,

Nakusalimu, na Georgette pia umsalimie. Mimi nipo, nashukuru Mungu.

Nilicheka, unisamehe. Kisha nikajikumbuka mwenyewe. Hata mimi nilifanya hivyo hivyo. Wageni walipokuja kuangalia nani aendelee kupata posho, nilipaka ukuta udongo mweupe, nikavaa koti la harusi yangu. Wakaandika kwamba mzee huyu anajiweza. Sasa mzee anayejiweza anakula muhogo asubuhi na jioni. Kwa hiyo usijilaumu. Ni mimi niliyekuambia mumpokee vizuri.

Lakini barua yako nimeisoma tena na tena, maana sina mwingine wa kuzungumza naye, na kuna kitu sikukipenda. Herufi zako zimelegea. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika jina lako mara ya kwanza, naujua mwandiko wako. Mkono una nini? Nijibu hilo kabla ya mengine.

Baba yako,
Adolphe

Nakivale, 4 Mei 2025

Mwanangu,

Salamu. Venuste amerudi mikono mitupu, anasema alikuta kufuli mlangoni kwako. Kila anapotarajiwa kupita ninakaa kando ya barabara, hadi watu wanadhani nauza kitu. Niandikie, hata mstari mmoja.

Baba yako,
Adolphe

Biharwe, 18 Mei 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu, na unisamehe kwa ukimya wangu; Venuste alipokuta kufuli nilikuwa hospitali kwa Georgette. Mimi ni mzima.

Georgette alianguka tena, safari hii ndani ya chumba cha gundi, na hakufungua macho mpaka tulipomfikisha hospitali. Kesho yake Prudence alikuja na afisa wa kazi wa serikali, bila kungoja siku ya bosi. Mlinzi akafunga geti. Tukatoka sote chumbani, tukasimama upande wa ndani wa geti, tukasema hatushiki brashi mpaka huyu mama aingie. Wakafungua. Safari hii hatukufagia, hatukugusa hata dirisha. Gundi aliyoimwaga Georgette ilikuwa bado iko sakafuni. Prudence aliingia, akatoka akishika ukuta.

Chumba kimefungwa mpaka watie mashine za kutoa hewa. Ndicho tulichokitaka. Lakini kwa sasa sisi wa gundi hatuna kazi, na wenzangu wananilaumu mimi. Tukikutana barabarani wananipita bila hata jambo. Georgette amechukuliwa na mama yake, miguu haimbebi. Kitanda chake nimekiacha kimetandikwa. Siku nyingine jua linazama sijasema neno na mtu yeyote. Prudence anataka nitoe ushahidi, kwa hiyo siwezi kuja huko bado.

Mkono ni uchovu tu, baba. Mengine yote ni sawa.

Mwanao,
Mariette

Nakivale, 1 Juni 2025

Mwanangu Mariette,

Leo sikuulizi hali. Kila barua unaniambia u mzima, na kila barua mistari inazidi kushuka.

Nilikwenda Kabazana kumwona Georgette. Anatembea kwa kushikwa, lakini anaongea vizuri. Nikamuuliza juu ya mkono wako. Akasema, "Baba, alinikatazaka kusema. Kalamu anaifunga na kitambaa ku vidole, ndiyo anaweza kuandika." Nililia pale pale mbele ya watu wa nyumba ile, wala sikuona aibu.

Sikukasirikii. Nani alikufundisha kumficha mgeni ubaya wa nyumba, kama si mimi? Lakini mimi si mgeni wako.

Shamba nimemwachia jirani. Venuste amekubali kunipakia, naye ameahidi hatakuambia ni siku gani. Nikibisha hodi, usikimbilie kupika, wala kubadilisha kitenge, wala kuficha mkono nyuma. Fungua mlango tu, mwanangu, nikuone.

Baba yako,
Adolphe