Swali Nililoshindwa Kumuuliza Baba Mkwe

Mafinga, Jumapili, Julai 1976

Na bado watu wanakuja kunipa pole, kana kwamba mimi ni mfiwa tu.

Miaka sita nahudumia wagonjwa zahanati. Anayelalamika tumbo linawaka moto namuuliza bila haya: choo chako kina rangi gani? Kikiwa cheusi kama lami, kidonda cha tumbo kinavuja damu, nenda hospitali leo hii. Na aspirini usiiguse.

Lakini baba mkwe! Tumeishi nyumba moja na sijawahi hata kula mbele yake. Kwetu mkwe haulizwi mambo ya choo. Nilimwona anaacha ugali, nikasema ni uzee. Aliposema magoti yanauma kwa baridi hii, nikamwekea aspirini mlangoni pake, nikaondoka nimeinamisha kichwa. Adabu.

Alhamisi akatapika damu. Hatukufika naye hospitali.

Leo, baada ya matanga, ndiyo mume wangu ananiambia. "Baba alikuwa anaumwa tumbo. Choo kilikuwa cheusi. Alinikataza nisikwambie, aliona aibu, wewe ni mkwe."

"Tangu lini?"

"Kama wiki tatu."

Wiki tatu! Nilitaka kumpigia kelele, nikashindwa, kwani mimi nilimuuliza nani?

Nikauliza kama vidonge vile vya aspirini alivimeza.

"Vyote. Hata tumbo lilipozidi kumkata alimeza tena. Alisema mkwe wake anajua dawa."