Njugu za Kumsimamisha Msomaji

Mpendwa Dani, nyanya yangu,

Jumamosi iliyopita nilikutaja mbele za watu bila ruhusa yako. Usinikasirikie kabla hujasikia.

Unaikumbuka ile riwaya ya zamani, ya kijana aliyeunda chombo cha shaba akapaa hadi kwenye nyota ambako malkia anafuga upepo kama sisi tunavyofuga mbuzi? Ilikuwa ya Kiingereza. Kila likizo nikija kwako Rodi Kopany niliwasomea wewe na nyanya wa jirani, Mama Halima, nikitafsiri kwa Kiswahili papo hapo kwa sababu yeye hakujua Dholuo, lugha yetu. Ni wewe uliyeingiza pakruok kwenye usomaji. Katika sherehe zetu za Waluo, pakruok ni mtu kutoa pesa ili muziki usimame ajisifu. Sebuleni kwako mwenye kutaka kusema alitia njugu kwenye bakuli, mimi nikanyamaza, akajisifu, kisha akatoa maoni yake juu ya kitabu. Sikuwahi kumaliza ukurasa kwa amani.

Baba mdogo Owuor, fundi wa pikipiki, alitia njugu zake kwa hasira. "Mimi Owuor, injini ikinisikia inawaka yenyewe. Huyu mwandishi ni muongo. Chombo imeharibika huko juu, badala ya kutengeneza wanaimbia upepo. Sasa hii ni sayansi ama ni uchawi?"

Nawe ukajaza kiganja njugu. "Mimi nyar Karachuonyo, binti wa Karachuonyo, nikikaanga samaki paka ya jirani inahama kwao. Owuor, pikipiki ikikukatalia, si mimi nakusikianga ukiiombea?"

Mama Halima alicheka hadi leso ikamdondoka. Ukangoja watulie, ukasema kosa la kitabu ni moja tu. "Kijana ameenda mpaka kwa nyota na hajaaga mama yake. Hiyo safari mimi siitambui."

Tangu siku hiyo hakuna mjukuu aliyethubutu kwenda hata dukani bila kukuaga. Na ulipoondoka duniani wewe mwenyewe, Dani, ulituaga mmoja mmoja, kwa jina.

Siku hizi naishi Migori mjini, na nina kikundi cha wasomaji. Zamu ya kuchagua kitabu ilipofika kwangu, nikachagua chetu. Wakakiponda. Achieng, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Hii kitabu haijui inataka kuwa nini. Mara mitambo, mara uchawi. Tuwachane nayo, tuchukue ingine." Vichwa vikatikisika kukubali. Ilikuwa kama wanakutoa wewe sebuleni, na kicheko chako chote.

Bahati nzuri nilikuwa nimepitia sokoni. Nikamwaga njugu mezani, nikasimama. "Mimi mjukuu wa nyar Karachuonyo, nilisoma hii kitabu nikiwa mtoto na bado naogopa upepo wa huyo malkia." Kisha nikawaeleza sheria yako. Walinitazama kama niliyepotea njia. Halafu mzee Chacha, mfugaji ambaye huwa hasemi neno, akasogeza njugu kidogo katikati ya meza. "Mimi Chacha, ng'ombe zangu zinanisalimia kabla ya bibi yangu. Huyo malkia mmemuonea. Mwenye anafuga upepo amefuga kitu ngumu."

Dani, hapo nyumba ilichangamka. Kila mtu alitaka kujisifu, na akishajisifu hana budi kuwa na maoni. Waliokuwa wanataka kukitupa kitabu sasa walikuwa wanakinyang'anyana watafute ushahidi. Njugu zilibaki chache, na Achieng akazikusanya zote.

"Mimi Achieng, watoto wananiogopa na bado wananipenda. Hii kitabu ni kichaa, sijabadilisha. Lakini kitu imeniudhi kabisa ni moja. Huyu kijana anaenda hivyo tu, bila kuaga mama yake?"

Nilicheka huku machozi yananitoka, nao wakashindwa kuelewa kimenipata nini. Sikuwa nimewaambia hayo maneno yako. Kitabu kimebaki, na Jumamosi tunaendelea na sura zilizobaki.

Haya, naenda sokoni, safari hii nanunua njugu nyingi. Nimeaga, Dani.

Mjukuu wako